Kufunga geji ya kidijitali na kompyuta ya safari kwenye lori: mwongozo kwa madereva na matajiri wa Tanga

Mshale wa joto kwenye dashibodi ya malori mengi umepangwa na kiwanda ukae katikati. Maji yawe nyuzi 80, yawe nyuzi 95, wenyewe umetulia palepale. Ukija kuuona unapanda, injini imeshachemka na silinda hedi iko hatarini. Geji ya kidijitali inakupa namba yenyewe, nyuzi kwa nyuzi, pamoja na presha ya oili, volti za chaji, na mafuta yanayoliwa kwa saa na kwa kilometa. Kwa dereva anayetoka Pongwe na mzigo wa saruji kuelekea Segera, au anayepandisha Fuso kutoka Mombo kwenda Lushoto kufuata mboga, namba hiyo ndiyo inayomwambia asimame sasa hivi au aendelee.

Kuifunga si kazi ya kutisha. Mtu mwenye multimita na subira anaanza asubuhi na adhuhuri amemaliza. Kinachopuuzwa ni kazi inayofuata skrini ikishawaka: kuisawazisha hesabu ya mafuta mpaka ilingane na pampu ya sheli. Geji mpya inaweza kukosea kwa asilimia 10 na isikuonyeshe dalili yoyote. Tajiri akikuta skrini imeandika lita pungufu kuliko risiti, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba dereva amenyonya mafuta. Nimeona watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka wakiachana kwa ugomvi wa namba ambayo hakuna aliyewahi kuihakiki, na inauma, kwa sababu kuihakiki ni jambo la matenki machache tu. Ndiyo maana humu nitapita kwenye waya bila kuchelewa, halafu nitakaa kwenye mafuta.

Kwanza: lori lako lina kontroboksi au halina?

Jiulize hili kabla hujatoa hela. Geji ya aina hii haipimi mafuta yenyewe. Inasikiliza mazungumzo ya kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, na kuyaandika kwenye skrini. Lori lisilo na kontroboksi halina cha kusikilizwa.

Malori ya Ulaya ya kuanzia miaka ya 2000, yaani Scania, Volvo, DAF, MAN, Mercedes-Benz na Iveco, kwa kawaida yana mtandao wa CAN, yaani waya mbili ambazo kompyuta za lori huzungumzia, unaotumia lugha inayoitwa J1939. Mwaka 2002 watengenezaji wakubwa wa Ulaya walikubaliana juu ya mlango mmoja wa kutolea taarifa kwa vifaa vya nje, ukaitwa FMS. Kwenye mlango huo taarifa zinatoka kuja kwako, wewe huingii kwenye mtandao wa injini, na kwa hiyo ni njia salama kuliko zote. Tatizo ni kwamba kwenye baadhi ya malori FMS huja imefungwa mpaka wakala aifungue kwa kompyuta yake. Uliza kabla.

Malori ya Kimarekani kama Freightliner yana plagi ya duara yenye pini 9 karibu na miguu ya dereva. Nyeusi inaongea kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, ya kijani kwa 500. Geji inayojua 250 tu haiambulii kitu kwenye ya kijani.

Halafu kuna tundu la pini 16, lile la magari madogo, ambalo utalikuta pia kwenye malori mengi ya Ulaya. Kuliona humo si hakikisho la lolote. Baadhi ya malori yanalitumia kwa mashine ya wakala tu, na pini yake ya 16 inatoa umeme wa betri moja kwa moja, yaani volti 24. Kale kadude ka bei nafuu kanakochomekwa kwenye Toyota kakiingizwa hapo kanaweza kuungua papo hapo.

Upande wa pili kuna Howo zenye injini ya WD615 na pampu ya kawaida, Scania 113, Fuso na Isuzu za siku nyingi. Hizo zina njia yake, nitaieleza mbele.

Ukifika dukani muulize muuzaji mambo matatu. Inakubali volti 24? Inasoma J1939 au ni ya magari madogo? Na je, menyu yake inaruhusu kusahihisha hesabu ya mafuta? Akijibu hapana kwenye hilo la tatu, rudisha kifaa kwenye boksi hata kama bei ni ya kutupa.

Umeme wa volti 24

Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Injini ikiwa imezimwa na betri zimejaa, utasoma kama volti 25. Ikiwaka, alternata inapandisha mpaka kati ya 27.5 na 28.8. Geji iliyoandikwa 12 pekee haivumilii hapo.

Wapo watakaokushauri uchukue volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Usikubali. Betri hiyo itanyonywa peke yake, ilhali alternata inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Moja inabaki na njaa, mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka, na mwisho unanunua betri mbili kwa sababu ya skrini ndogo. Kama geji yako ni ya 12, nunua konveta ya 24 kwenda 12. Geji inakula umeme kidogo sana, hivyo konveta ya ampea 3 au 5 inatosha na kubaki.

Vya kuandaa

Multimita ni lazima. Taa ya kupimia peke yake usiitumie kwenye waya za data, kwa sababu inavuta umeme mwingi kuliko waya hizo zinavyoweza kutoa. Andaa waya wa milimita 1 ya mraba, kishikio cha fyuzi na fyuzi za ampea 2, taminali za kubana na plaizi yake, mpira wa kusinyaa kwa moto, vifungo vya plastiki vya kubania waya, msasa, grisi kidogo, bisibisi na spana za dashibodi. Tepu nyeusi iwepo, ila isiwe ndiyo muungo wako. Kwa joto la kebini mchana wa Tanga, gundi yake inayeyuka, tepu inateleza na waya unabaki uchi.

Kazi yenyewe

1. Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, weka kabari au mawe kwenye tairi. Kaa kwenye kiti cha dereva kama unavyoendesha, halafu mwambie utingo ashike geji sehemu mbalimbali huku wewe unaangalia barabara. Isifunike kioo, isikae mbele ya mfuko wa hewa, isiwe mbali kiasi cha kukufanya ugeuze kichwa. Upande wa kushoto wa usukani, chini ya usawa wa kioo, mara nyingi ndipo panapofaa. Juu kabisa ya dashibodi jua linaipiga moja kwa moja na skrini inakuwa nyeusi kabla ya mwaka.

2. Zima injini, toa ufunguo, subiri. Lori linalotumia AdBlue, yaani maji ya urea ya kusafishia moshi, linaendelea kusafisha mabomba yake kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Ukikata betri mapema unaacha maji ya urea ndani, yanaganda na kuziba. Yape dakika tano hivi, kisha toa kichwa cha hasi cha betri au zima swichi kuu kama ipo.

3. Pima kabla ya kuunga chochote. Kwenye plagi ya pini 9, A ni hasi, B ni chanya, C ni CAN ya juu na D ni CAN ya chini. Betri ikiwa imekatwa, weka multimita kwenye omu kati ya C na D. Mtandao mzima unasoma takriban 60, kwa kuwa kuna kizuizi (rezista) cha omu 120 kila ncha. Ukisoma 120, ncha moja imekatika au kizuizi kimoja hakipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameshafunga kifaa chenye kizuizi cha tatu. Vyote viwili tengeneza kwanza, la sivyo lawama zote zitaangukia geji yako mpya. Ukirudisha betri na kuwasha swichi bila kuwasha injini, C inasoma juu kidogo ya volti 2.5 na D chini kidogo ya hapo. Zikiwa zimegeuka, umeshika waya kinyume. Kwenye tundu la pini 16 za kutafuta ni 6 na 14, hasi ni 4 na 5. Kwa FMS fuata mchoro wa lori lako. Ukimaliza kupima, kata betri tena.

4. Chagua umeme unaokuja swichi ikiwashwa na kuondoka ikizimwa. Ukiunga kwenye umeme wa kudumu, geji nyingine hulala zenyewe, nyingine hazilali, na lori likikaa wiki nzima bandarini likisubiri mzigo utakuta betri zimekufa. Weka fyuzi karibu kabisa na pale unapochukulia umeme, siyo kule kwenye geji. Fyuzi inalinda waya. Ikikaa mwishoni, urefu wote wa waya uliopita nyuma ya dashibodi hauna mlinzi. Usichukue umeme kwenye fyuzi ya breki za ABS, ya kontroboksi wala ya taa za breki. Na kama lori liko kwenye mkopo, chini ya dashibodi kuna traka iliyofungwa na mkopeshaji, mara nyingi pamoja na relei ya kuzima injini. Waya zake ziache kama ulivyozikuta.

5. Hasi. Hapa ndipo kazi nyingi za mji huu zinapoharibikia, kwa hiyo twende polepole. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inaingia mpaka nyuma ya dashibodi. Chukua bolti yoyote ya bodi uliyoizoea kuungia hasi, ifungue uitazame: chini ya kichwa chake kuna rangi, chini ya rangi kuna kutu, na taminali ya zamani ina unga wa kijani. Menya mpira wa waya wake sentimeta mbili hivi, na huenda ukakuta shaba imekuwa nyeusi hadi ndani. Waya wa namna hiyo unapima vizuri ukiwa hauna kazi, lakini stata ikivuta umeme hasi inapanda na geji inajizima na kujiwasha. Piga msasa mpaka chuma king'ae, bana taminali mpya, sinyaza mpira juu ya muungo, kaza bolti, ndipo upake grisi kwa juu. Grisi isiwe kati ya taminali na chuma. Ukisharudisha betri kwenye hatua ya 8, pima volti kati ya bolti hiyo na kichwa cha hasi cha betri wakati injini inawaka: ikizidi robo ya volti, tafuta sehemu nyingine.

6. Waya za data zije zimesokotana kama zilivyotoka kiwandani. Kusokotana huko ndiko kunakozuia kelele za alternata zisiingie, hivyo usizinyooshe ili zipendeze. Tawi linalokwenda kwenye geji lisizidi mita moja. Usikate waya za asili za CAN: tumia kebo ya matawi mawili inayokaa kati ya plagi na kifuniko chake, au klipu inayobana juu ya waya na kusikiliza bila kuutoboa. Klipu ni ghali kidogo, lakini kwa lori lililo kwenye waranti ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ukiitoa haiachi alama.

7. Pitisha waya mbali na nguzo ya usukani, mbali na pedali, mbali na bomba la hita. Zungusha usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, kanyaga pedali zote, ndipo ubane vifungo. Kama kebini inainuka mbele, hakikisha hakuna waya uliovuka kwenda chasisi bila kuachiwa nafasi. Kebini ikiinuliwa utakatika.

8. Rudisha betri, washa swichi, chagua J1939 kwenye menyu, ingiza ukubwa wa injini na ujazo wa tenki kama inauliza. Washa injini uangalie taa za dashibodi. Taa ya hitilafu ambayo haikuwepo ikiwaka, zima, chomoa geji, washa tena. Ikipotea, tatizo liko kwenye muungo wako au geji haielewani na mtandao wa lori hilo, na hapo usijipe moyo kwamba itazoea.

Lori la zamani lisilo na kontroboksi

Hapa unafunga geji yenye sensa zake: joto la maji, presha ya oili, volti, na ukitaka, joto la moshi kabla ya tabo. Hesabu ya mafuta ya kidijitali utaikosa. Vipimo vya mtiririko vipo, lakini pampu inarudisha sehemu kubwa ya dizeli kwenye tenki, kwa hiyo unahitaji kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, na bei yake haimfai mwenye Fuso moja. Mafuta utayahesabu kwa tenki na daftari, na ukifuata utaratibu ulioko chini utapata jibu la kuaminika.

Sensa ya oili ifungwe kwa kiungio cha njia tatu ili ile ya asili, yenye taa nyekundu, ibaki kazini. Sensa ya waya mmoja inapata hasi kupitia nyuzi zake, kwa hiyo ukiizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba nyingi, unaikata hasi na geji itasoma upuuzi. Ya joto la maji ikae mahali ambapo maji yanapita muda wote, upande wa injini kabla ya themostati. Ya moshi inahitaji kutoboa manifoldi: ifungue uitoe kabisa, toboa juu ya benchi, kwa kuwa chembe moja ya chuma ikifika kwenye tabo inayozunguka inaimaliza.

Kusawazisha mafuta

Sasa kazi yenyewe. Kontroboksi inajua imeamuru sindano (noza za dizeli) zimwage kiasi gani, haijui zimemwaga kiasi gani. Sindano zilizochakaa, presha ya pampu, hata ubora wa dizeli, vyote vinaachanisha amri na ukweli. Ndiyo maana geji mbili za aina moja kwenye malori mawili yanayofanana hutofautiana.

Unahitaji kipimo cha nje, nacho ni tenki lililojaa mpaka lililojaa. Chagua sheli moja na pampu moja, egesha upande uleule, mahali palepale. Tenki likiinama kidogo kwa kona moja, shingo yake inadanganya kwa lita kadhaa. Jaza. Bomba likijikata lenyewe, usiondoke: dizeli ina povu, na povu ndilo lililoizima pampu. Subiri litulie, unaliona linashuka kwenye shingo na kuacha dizeli safi chini yake, kisha ongeza taratibu mpaka alama uliyojiwekea. Wengine wanafunga uzi au wanapiga alama ya rangi ndani ya shingo. Subiri tena, ongeza tena. Lori lenye matenki mawili yaliyounganishwa kwa bomba lipe muda zaidi, maana dizeli inahama polepole kutoka moja kwenda jingine. Jaza yote mawili, na hakikisha vali ya kati iko wazi.

Weka kihesabu cha safari cha geji kwenye sifuri hapohapo. Endesha kazi yako ya kawaida. Ukirudi, jaza kwa utaratibu uleule na ulinganishe.

Tuseme umekwenda Dar es Salaam na kurudi Tanga, kama kilometa 700. Geji inasema imekula lita 290. Pampu imekubali lita 320. Gawanya 320 kwa 290 unapata 1.103: geji inasoma pungufu kwa kiasi cha asilimia 10. Kwa mahesabu yake lori limekwenda kilometa 2.41 kwa lita; kwa ukweli wa pampu ni 2.19. Hizo lita 30 za tofauti hakuna aliyeziiba. Ingiza sahihisho kwenye menyu. Geji nyingine zinataka uandike lita halisi ulizojaza na zinapiga hesabu zenyewe, nyingine zinataka asilimia.

Rudia kwa matenki matatu kabla hujaiamini. La kwanza linatoa kosa kubwa, yanayofuata yanasafisha. Tofauti ikibaki ndani ya asilimia 2 au 3, acha kugusa. Usisawazishe kwa tenki ulilojazia lita 60, kwa sababu kosa la lita tano la ujazaji ni dogo kwenye 320 na ni kubwa mno kwenye 60. Na saa ya kujaza ina uzito wake pia. Dizeli inatanuka kwa kiasi cha asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 300 zilizopata moto wa nyuzi 15 zaidi zinaongezeka lita tatu na nusu hivi, bila mtu kutia wala kutoa. Ukianza kwa kujaza alfajiri, maliza kwa kujaza alfajiri.

Kilometa nazo zihakikiwe. Tairi za saizi tofauti na za kiwanda, au zilizokwisha, zinabadilisha hesabu ya mwendo. Washa simu yenye ramani, nenda umbali mrefu kwenye barabara iliyonyooka, linganisha. Geji nzuri ina sehemu ya kusahihisha mwendo kama ile ya mafuta.

Kuna jambo ambalo matajiri wengi hulisahau. Kilometa kwa lita peke yake haimtendei haki dereva. Injini kubwa ikiwaka bila kutembea inakula kama lita mbili hadi nne kwa saa. Foleni ya mizani ya Vigwaza, foleni ya kupakia, tipa linaloinua bodi, saa zote hizo zinakula dizeli bila kuongeza kilometa hata moja. Kwa hiyo tafuta kwenye menyu mafuta ya injini ikiwa imesimama na uyasome pembeni. Pia tumia vihesabu viwili vya safari: A kwa kwenda na mzigo, B kwa kurudi mtupu. Kuchanganya hizo mbili na kulinganisha na lori la jirani ni kujitafutia ugomvi.

Siku za kusawazisha, tajiri na dereva wawe wote kwenye pampu, au tajiri atume mtu wanayemwamini wote wawili. Waandike kwenye daftari moja: tarehe, kilometa, lita za pampu, lita za geji, mzigo. Watie sahihi. Asiyekuwepo asije baadaye na hesabu zake. Mimi huwaambia kabisa kabla sijachukua malipo yangu: "Mzee, mpaka tenki la tatu, hii skrini usimuulizie kijana mafuta." Na dereva namwambia aipige picha skrini kila anapojaza, kwa faida yake mwenyewe.

Namba za kuziangalia njiani

Weka nne tu kwenye ukurasa wa mbele: joto la maji, presha ya oili, volti, na lita kwa saa. Skrini iliyojaa namba nane haisomwi na mtu anayeendesha.

Maji kwenye dizeli nyingi yanatulia kati ya 80 na 95. Weka kengele kwenye 100. Fahamu lori lako kwenye mlima unaoufahamu: ukipanda kutoka Mombo, angalia inafika ngapi kwenye kona za Soni ukiwa na mzigo, uandike. Safari ijayo ikizidi hapo kwa nyuzi sita au saba kwa mzigo uleule, rejeta imeanza kuziba au feni haishiki, na una muda wa kutengeneza kabla haijachemka. Lakini ogopa zaidi namba inayoshuka ghafla wakati unapanda. Sensa inapima maji. Maji yakikimbia kwa bomba lililopasuka, inabaki hewani na inasoma joto dogo ilhali injini inaungua. Ikianguka hivyo, simama, zima, usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe.

Presha ya oili injini ikiwa moto na imesimama isiwe chini ya bar 1, na ukikanyaga mafuta mwendo wa safari iwe kati ya 3 na 5, ila kiwango cha mwisho ni kile cha kitabu cha injini yako. Volti chini ya 27 barabarani, mkanda au alternata inakuomba uitazame. Lita kwa saa itakufundisha mguu: kwenye mteremko wa kushukia Wami, ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, itasoma sifuri. Ukiweka nyutro ukidhani unabana matumizi, injini inakula ili isizime, na breki zinabaki peke yake na tani zote. Geji inaonyesha hilo kwa macho.

Geji ya J1939 inasoma pia alama za hitilafu kwa namba mbili, SPN na FMI. SPN ni kitu gani, FMI kimefanya nini. SPN 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji. FMI ikiwa 3, 4 au 5, ugonjwa ni wa umeme: volti zimezidi, zimepungua, au waya umekatika. Ukiona 110 na 5 pamoja, fuata waya na plagi ya sensa kabla hujanunua sensa mpya, achilia mbali kufungua injini. FMI 0 na 1 ni za kweli: joto limezidi, presha imeshuka. Hizo simama. Na usizifute alama kabla ya kuziandika. Fundi atakayekuja anazihitaji.

Kwa malori yanayolala karibu na bahari, kila baada ya miezi mitatu fungua kifuniko cha plagi ya data uangalie pini. Zikianza kuota ule unga wa kijani, zisafishe kwa dawa ya kusafishia taminali na brashi laini, betri ikiwa imekatwa, kisha ukaze upya bolti ya hasi. Ukibadilisha sindano, pampu au saizi ya tairi, rudi sheli na uisawazishe geji upya, matenki matatu, kama siku ya kwanza.